Debug.log ya WordPress haionekani, au ina mstari uliokatika: anzia hapa

Mkuu, umesema tovuti inatoa ule ukurasa wa WordPress wa kosa kubwa, WP_DEBUG (swichi ya kuonyesha makosa) umeiweka true, ila wp-content/debug.log, faili la kuandikia makosa, haipo, na kwenye logi ya nginx (programu ya seva inayohudumia tovuti) kuna ujumbe uliokatika katikati. Huo ujumbe uliokatika ndio unaoonyesha tatizo liko wapi.

Kwanza wp-config.php. WP_DEBUG peke yake haiandiki faili lolote. Inatakiwa mistari mitatu:

define('WP_DEBUG', true);
define('WP_DEBUG_LOG', true);
define('WP_DEBUG_DISPLAY', false);

Ikae juu ya mstari unaoita wp-settings.php. Hakikisha pia ule wa zamani wenye false umeufuta, maana unaosomwa kwanza ndio unaoshika.

Sasa iulize PHP yenyewe inaandika wapi. Tengeneza wp-content/mu-plugins/jaribio.php (faili za folda hii WordPress huzipakia zenyewe), ndani weka:

<?php header('X-Logi: ' . ini_get('error_log'));

Kisha kwenye terminal andika curl -sI na anwani ya tovuti yako, usome mstari wa X-Logi. Jibu likiwa njia nyingine kabisa, fungua mipangilio ya PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP), /etc/php/8.2/fpm/pool.d/www.conf (badilisha namba kulingana na toleo lako), utafute php_admin_value[error_log]. Thamani ikiwekwa kwa php_admin_value, WordPress haina ubavu wa kuibadilisha. Utahangaika na wp-config mpaka kesho. Soma logi kule inakoelekezwa, au andika php_value badala yake, halafu systemctl reload php8.2-fpm.

Jibu likiwa wp-content/debug.log na faili halipo, ni ruhusa, na kwa dalili zako nadhani ndiyo hii. PHP ikishindwa kufungua faili la logi hailalamiki. Inausukuma ujumbe kwa nginx, ambako unaonekana ukianza na "FastCGI sent in stderr". Nginx nayo inakata kila ujumbe ukifika baiti 2048, kwa hiyo mlolongo mrefu wa miito ya fanksheni (stack trace) unaishia njiani. Kwenye Ubuntu na Debian, ambako PHP huendeshwa na mtumiaji aitwaye www-data, jaribu:

sudo -u www-data touch wp-content/debug.log

Ikigoma, rekebisha umiliki wa folda kwa chown. Usikimbilie 777, yaani ruhusa ya kila mtu kuandika. Mtego mwingine ni kuendesha WP-CLI (zana ya kusimamia WordPress kwa amri, wp) kama root: ikitokea onyo lolote, debug.log inazaliwa ikiwa mali ya root, na kuanzia hapo www-data haiwezi kuandika humo. Faili lipo, unaliona kwa macho, lakini haliongezeki.

Logi ikishaanza kujaa, unaweza kuona majina ya fanksheni bila thamani zilizopitishwa. Hiyo ni zend.exception_ignore_args, mpangilio unaoficha thamani hizo, ambayo php.ini ya uzalishaji imeiweka On tangu PHP 7.4. Izime kwa muda mfupi tu, kwa sababu nywila ya database inaweza kuangukia kwenye logi.

Kosa la "Allowed memory size of 268435456 bytes exhausted" (MB 256) lisome kwa tahadhari. Faili na mstari unaotajwa ni pale kumbukumbu ilipoishia. Aliyeila anaweza kuwa programu-jalizi nyingine kabisa. Zima zote kwa wp plugin deactivate --all --skip-plugins, kisha washa moja moja.

Ungekuwa unapata 502 tupu (kosa la nginx kukosa jibu sahihi toka kwa PHP) ningekutuma kwenye dmesg, logi ya kernel, kuangalia kama kernel imeua mchakato, maana mchakato uliouawa hauachi neno kwenye logi ya PHP. Lakini wewe unapata ukurasa wa WordPress wenyewe, kwa hiyo PHP ilikuwa hai mpaka mwisho.

Ukimaliza futa jaribio.php. Debug.log nayo kwenye seva nyingi inasomeka na yeyote anayejua anwani yake, na nginx haisomi .htaccess (faili la Apache la kuzuia ufikiaji), hivyo ihamishe nje ya folda ya tovuti. Tangu WordPress 5.1 WP_DEBUG_LOG inakubali njia kamili, mfano '/var/www/logi/wp.log', mradi www-data iweze kuandika humo.