Kamera haioni kupitia kinyesi: majibu ya maswali yenu

Barua nyingi za safari hii zimegawanyika mafungu mawili. Fungu moja linauliza mashine mpya za kupima utumbo. Jingine linauliza damu chooni, na karibu kila anayeuliza damu keshajipima mwenyewe, keshajipa jibu kwamba ni bawasiri, kwangu anataka jina la dawa tu. Naanza na hao.

Shikamoo daktari. Nina miaka 47. Mwezi wa tano huu naona damu nikienda haja kubwa. Natumia dawa ya bawasiri ya kupaka lakini haisaidii. Nihamie ipi?

Marahaba. Nani kakwambia ni bawasiri? Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali unaposema kuna mtu alikuchunguza, sikupaona. Miezi mitano unatibu ugonjwa ambao hakuna aliyeuona.

Niliwahi kumpokea mzee mmoja aliyekuja na mfuko wa tyubu nne, zote zimekamuliwa hadi mwisho na kukunjwa mkia vizuri kama mtu anayebana dawa ya meno. Bawasiri alikuwa nazo kweli, nilizikuta mlangoni tu. Nikapita nazo, nikapanda kama sentimita 20 hivi, nikakuta uvimbe umeshaziba zaidi ya nusu ya njia, ukiguswa kidogo unavuja. Bawasiri na saratani hazigombani. Zinaweza kukaa nyumba moja miaka, na ile ya mlangoni ndiyo inayolaumiwa kwa kila tone.

Rangi ya damu inasaidia lakini haihukumu. Choo cheusi kinachonata kama lami kwa kawaida kinatoka juu, tumboni au mwanzo wa utumbo mwembamba. Damu iliyoiva, iliyochanganyika na kinyesi, inatoka ndani zaidi kuliko ile nyekundu inayodondoka mwisho. Ila uvimbe wa kwenye puru nao hutoa damu nyekundu mbichi, kwa hiyo usijifariji kwa rangi. Wala usijifariji kwa umri. Mwaka 2021 jopo linalotoa mwongozo wa upimaji nchini Marekani liliteremsha umri wa kuanza kuchunguza saratani ya utumbo mpana kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu vijana walikuwa wanaumwa. Na huo ni mwongozo wa watu wasio na dalili yoyote. Wewe unayo.

Kwa hiyo jibu la "nihamie ipi" ni hili: hamia kwenye kitanda cha uchunguzi. Daktari aanze na kidole, ndiyo, kidole, kisha kolonoskopi, yaani mpira wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa kuutazama utumbo mpana, na upimwe wingi wa damu. Kama una upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma na wewe ni mwanamume, nitakuwa na wasiwasi zaidi, maana huna hedhi ya kusingizia.

Je, kolonoskopi inaondoa bikira?

Hapana. Ni njia nyingine kabisa.

Daktari, nimesikia kuna kolonoskopi za akili mnemba. Nisubiri hiyo au nifanye ya kawaida?

Usisubiri. Lakini tuongee kidogo, maana swali hili linakuja kila wiki na wanaouliza wote wanadhani mashine ndiyo inayotibu.

Mtambo wa kwanza wa aina hiyo uliruhusiwa Marekani mwaka 2021. Kazi yake si ya ajabu ukiitazama kwa karibu: picha inapita kwenye skrini, na pale panapofanana na polipu, yaani kinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo, mtambo unachora kiboksi. Daktari anasogea, anaangalia, anaamua. Unasaidia kweli kuona polipu nyingi zaidi, hasa zile ndogondogo. Ndogondogo hizo nyingi zisingekuua, lakini hayo tuyaache.

Kinachonisumbua ni kingine. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Poland uliowatazama madaktari waliokwisha kuuzoea mtambo huo. Ulipozimwa, kiwango chao cha kugundua adenoma, yaani polipu zile zinazoweza kugeuka saratani, kilikuwa kimeshuka kutoka wagonjwa 28 kati ya 100 hadi 22. Jicho likizoea kuonyeshwa, linasahau kutafuta. Ni utafiti mmoja, ila mimi ungenishtua hata kama ningekuwa muuza mitambo.

Ukitaka kumjua daktari wako, usimuulize ana mashine gani. Muulize mambo mawili. La kwanza: ukifika mwisho wa utumbo, kurudi unatumia dakika ngapi? Polipu hutafutwa wakati wa kurudi, na chini ya dakika 6 ni kupiga chenga. La pili: kati ya watu 100 wa miaka 45 na kuendelea unaowapima, wangapi unawakuta na adenoma? Mwaka 2024 vyama vya madaktari wa fani hii Marekani vilipandisha kiwango cha chini kutoka 25 hadi 35. Atakayekasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Nilirudishwa nyumbani bila kupimwa eti sijasafika. Ile dawa ilinitapisha nikanywa nusu. Si wangepima hivyohivyo? Mashine zao si za kisasa?

Hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa hiyo nivumilie.

Kamera hata iwe ya karne ijayo haioni kupitia kinyesi. Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5, umejikunja mifuko mifuko, na ninayoyatafuta mengine ni bapa, rangi yake ni ileile ya ukuta wa utumbo, tofauti yake ni kivuli tu. Uji mwembamba wa kahawia ukitanda juu yake, mimi napita na wewe unaondoka na karatasi inayosema "hakuna tatizo". Karatasi hiyo ni hatari kuliko kutopimwa kabisa, kwa sababu utaiamini miaka 10. Waliokurudisha walikuheshimu.

Dawa ile ya kusafisha utumbo ni mbaya mdomoni, sikatai. Lakini haikupaswa kunywewa yote kwa mkupuo. Siku hizi inagawanywa: nusu jioni, nusu nyingine unaanza zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kufika kipimo na kumaliza zikiwa zimebaki angalau saa 2. Ndiyo, huenda ukaamka usiku wa manane. Amka. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayosafisha upande wa kulia, ambako polipu bapa hupenda kujificha. Iweke iwe baridi, inywe kwa mrija uliopitisha nyuma ya ulimi, ukihisi kichefuchefu pumzika nusu saa kisha endelea. Siku chache kabla acha vyenye mbegu na maganda. Siku ya mwisho vinywaji unavyoweza kuona kupitia glasi tu, na visiwe vyekundu, vitanifanya nidhani unatoka damu. Paka mafuta ya kujikinga huko nyuma tangu mwanzo, usingoje pachubuke. Utajua umesafika ukiona kinachotoka kinafanana na mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, hujasafika, hata kama umekwenda mara 15.

Mwenye kisukari na anayetumia dawa za kuyeyusha damu asijipangie cha kuacha na cha kuendelea nacho, aulize wiki moja kabla. Na mwenye figo dhaifu asikubali haluli, yaani dawa ya kuharisha, yoyote anayoshikishwa mkononi: zile za fosfeti zimewahi kuharibu figo za watu, na Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2008.

Nikiwa hapohapo: hizo chai na poda zinazotangazwa za "kusafisha utumbo na kutoa sumu" hazisafishi chochote cha kumsaidia mpimaji wala hazitoi sumu yoyote. Zinakuharisha. Kuharisha si tiba.

Naogopa mpira. Siwezi kumeza kile kidonge chenye kamera badala yake?

Kidonge hicho kilibuniwa na mhandisi wa Israeli, Gavriel Iddan, aliyekuwa akishughulikia vifaa vya kuonea vya makombora. Marekani ilikiruhusu mwaka 2001. Kina urefu wa milimita 26, unakimeza kwa maji, kinapiga picha kwa saa 8 au zaidi kikielekea chini. Kwa utumbo mwembamba, mita 6 hivi ambazo mpira wa kawaida haufiki, kimetufungulia mlango uliokuwa umefungwa. Mtu anayevuja damu na haijulikani anavujia wapi, nampa kidonge bila kusita.

Lakini kidonge hakina mikono. Hakikati nyama ya kupeleka maabara, hakiondoi polipu, hakiwezi kurudi nyuma kuangalia tena. Utumbo ukiwa umesinyaa mahali kinaweza kukwama, na mpaka kitoke usiingie kwenye MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku kali. Ziko vidonge vya utumbo mpana pia, ila dawa ya kuharisha utainywa vilevile, na kikiona polipu utarudi kwenye mpira huohuo unaoukimbia. Uzuri wa mpira ni kwamba unaona na kukata papo hapo. Tangu mwaka 1969, Wolff na Shinya walipoanza kukata polipu za utumbo mpana kwa kitanzi cha waya cha umeme kule New York, mgonjwa wa namna hiyo hapasuliwi tena tumbo. Utapewa dawa ya usingizi. Wengi wanaamka wakiuliza tutaanza saa ngapi.

Nimetibiwa H. pylori mara mbili, kipimo cha damu bado kinasema ninao.

Nimeshalijibu hili hadi kalamu imechoka. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliopigana na bakteria huyo wa vidonda vya tumbo, na askari hao hubaki kambini miezi, hata miaka, baada ya adui kufa. Pima kwa pumzi au kwa choo, wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na wiki 2 bila omeprazoli na ndugu zake wa kupunguza asidi tumboni. Usimeze dozi ya tatu kwa sababu ya kipimo kisichofaa.

Binti yangu wa miaka 23 anaharisha mwezi wa nane sasa, amekonda. Wamempima kwa kamera, mara wanasema ni ugonjwa wa Crohn, mara TB ya utumbo. Hawajaanza dawa. Hawa wanajua kazi kweli?

Pole sana mama. Na naomba unisikilize, maana huenda hao ndio madaktari wazuri kuliko wote mliowahi kuwaona.

TB huletwa na bakteria, Crohn ni kinga ya mwili kuugeukia utumbo wake yenyewe, lakini kwa sura magonjwa hayo mawili ni mapacha. Yote hupenda mahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana. Yote huacha vidonda, husinyaza utumbo, hukondesha, huleta homa. Hata kwenye hadubini vinundu vyake hufanana, na bakteria wa TB mara nyingi haonekani kwenye kipande kilichokatwa. Tofauti kubwa iko kwenye tiba. Crohn hutulizwa kwa kuishusha kinga ya mwili: steroidi, au dawa za sindano kama infliksimabu, iliyoanza kuruhusiwa mwaka 1998. Ukimpa mwenye TB dawa hizo, unamfungulia mlango mwizi. Ndiyo maana hata mwenye Crohn iliyothibitika hupimwa TB iliyolala kabla ya kuchomwa.

Kwa hiyo wakitaka kukata vipande vingine, au picha ya kifua, au CT ya tumbo, kubalini. Yote yakishindikana, wakati mwingine huanzishwa dawa za TB, kisha baada ya miezi 2 au 3 kamera inarudishwa. Vidonda vikiwa vimefunga, jibu limepatikana. Visipofunga, Crohn inarudi mezani. Muulize daktari wake kama huo ndio mpango, na lini. Ikiwa hakuna mpango wowote, hapo una haki ya kugombana.

Wakati mnasubiri, binti asitumie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu. Kama anavuta sigara aache, Crohn hunona kwa sigara.

Ni kweli wazungu wanawekewa kinyesi cha watu wengine?

Kweli, na si wazungu tu. Ni kwa wale wanaoharishwa na bakteria wa *Clostridioides difficile* anayerudi kila akitibiwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 ulisimamishwa mapema kwa jinsi ulivyofanikiwa: wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa mara ya kwanza tu. Tangu 2023 Marekani ina vidonge vyake vya kumeza. Usijaribu nyumbani. Mwaka 2019 ilitangazwa huko kwamba mgonjwa mmoja amefariki kwa bakteria wa E. coli, sugu kwa antibayotiki, aliyekuja na kinyesi cha mchangiaji ambacho hakikupimwa usugu huo.

Wamenitoa polipu mbili mwezi uliopita. Nimepona?

Polipu zimetoka. Kama umepona au la, inategemea zilikuwa za aina gani na kubwa kiasi gani. Adenoma moja au mbili zisizofika milimita 10 zinaweza kukupa nafasi ya miaka 7 hadi 10 kabla ya kurudi. Ya milimita 10 au zaidi, rudi baada ya miaka 3. Zenye chembe za saratani ni mazungumzo mengine kabisa. Ndugu zako wa tumbo moja nao waambie, wasifichwe.

Hayo yote yameandikwa kwenye majibu ya maabara, ambayo katika barua yako hukuyataja. Nina hakika yako kwenye droo ya mapokezi, ndani ya bahasha yenye jina lako. Kesho asubuhi kayachukue, uniandikie tena ukiwa nayo mkononi.