Usiiwashe hiyo taa ya UV juu ya miche kabla hujasoma namba

Mkuu, acha hiyo taa kwenye boksi lake. Umeandika kwamba una chumba kitupu Buhongwa, hapa Mwanza, unataka kuotesha miche ya nyanya ndani ili kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, asiione, na umepata taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno, mjini kwa elfu sitini. Unauliza iwake saa ngapi kwa siku, uitundike juu kiasi gani, uanze na mbolea gani, na umeme utakula kiasi gani. Halafu ukaieleza: ndefu kama tyubulaiti, kioo kitupu kinachoonyesha ndani, inakaa kwenye fremu ya kawaida. Nimesoma hapo nikaacha kula.

Taa hiyo naijua. Mwaka 2021 nilinunua ya namna hiyo hiyo nikaifunga kwenye chumba changu Mkolani. Nilikuwa na trei nne za matundu 200, mbegu chotara, miche ina majani mawili ya kweli. Saa moja jioni nikaiwasha, ikatoa kabluu hafifu ambako hakamtishi mtu, nikakaa chini yake karibu saa nzima nikimwagilia na kung'oa iliyoota miwili miwili. Sikusikia maumivu yoyote. Nikaiacha inawaka, nikaenda kulala.

Saa nane usiku niliamka kama mtu aliyemwagiwa mchanga wa ziwani machoni. Kufungua siwezi, kufumba kunachoma, machozi hayakatiki. Uso na shingo vinawaka. Jirani akashauri nitiwe maziwa ya mama, mke wangu akakataa, akanishika mkono mpaka kwenye bajaji. Daktari aliniangalia akauliza, "Wewe ni fundi wa kuchomelea?" Nikamwambia hapana, nakuza nyanya. Akauliza tena. Ni ugonjwa ule ule wa mafundi wanaochomelea bila kioo: ngozi ya mbele ya jicho imeungua, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hujui kwamba unaungua. Siku mbili nimelala na kitambaa usoni.

Siku ya tatu nikaenda kuona miche. Majani yanang'aa kama shaba, yamejikunja kingo, mengine yamekauka kama yamepitishwa kwenye pasi. Miche 800, hakuna hata mmoja niliopeleka shambani. Msimu ule nilinunua miche ya watu. Lakini hata hiyo si kitu. Jioni ile mwanangu wa miaka sita alikuja mlangoni akitaka tumwagilie wote, nikamwambia amalize kwanza daftari la shule. Mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi.

Sasa sikiliza. UV ni tatu, na zinatofautishwa kwa nanomita, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. UV-A ni nanomita 315 hadi 400, UV-B ni 280 hadi 315, na chini ya 280 ni UV-C. UV-C ya jua haifiki ardhini kabisa, anga inaizuia, kwa hiyo jicho lako na jani la nyanya havijawahi kukutana nayo tangu dunia iumbwe. Taa yangu ilikuwa imeandikwa 254 kwa maandishi madogo mwishoni, karibu na pini. Hiyo ni taa ya kuua vijidudu, inawekwa kwenye mashine za kusafisha maji na vyumba vya hospitali wakati hakuna mtu ndani. Inaua kwa kuharibu vinasaba. Bakteria ana vinasaba, na nyanya inavyo, na wewe unavyo.

Muuzaji nilirudi kwake. Akaniambia, "Bosi, si ulitaka UV? Na inawaka." Hakuomba hata radhi! Mtu anauza kitu kinachopofusha, anakielezea kwa video aliyoiona kwenye simu, halafu anakuita bosi. Nilimuuliza nanomita ni nini, hakujua. Na anayetaka kunicheka hapa acheke, ila kwanza akasome taa yake.

Video zenyewe nimezifuatilia baadaye. Nyingi ni za wakulima wa bangi wa Kanada, ambako sheria imeiruhusu tangu 2018. Hapa kwetu ni jela, tusijidanganye. Wao waliitafuta UV-B kwa sababu utafiti wa Marekani wa mwaka 1987 ulisema inaongeza ukali wa bangi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, huko huko Kanada, wakajaribu kwa taa: ukali haukuongezeka, mavuno hayakuongezeka, majani yakaharibika. Kwa hiyo hata wenye hamu yao hawakupata kitu. Wewe na miche ya nyanya unaitafutia nini?

Mche unajitengenezea chakula kwa mwanga wa nanomita 400 hadi 700. Hata zile taa za zambarau wanazoziita UV, nyingi ni bluu na nyekundu tu. Ukitaka UV, sisi tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Jua linalokausha dagaa pale Igombe kwa siku moja linakutosha, na ni bure. Funga neti ndogo ya wadudu nje, weka trei humo, au kama lazima ziwe ndani, tumia taa nyeupe za kawaida kisha uzoeshe miche jua kidogo kidogo, kwa sababu kioo cha dirisha huzuia UV-B na mche wa ndani ukitolewa ghafla unababuka.

Namba ya nanomita, mkuu. Haipo, usinunue. Ipo na ni chini ya 280, isiwake penye mtu wala mmea. Geuza hiyo taa yako sasa hivi, angalia karibu na pini, piga picha uiweke hapa. Nasubiri, na usiichomeke kwanza.