Skripti inafanya kazi kwa mkono, cron inaikataa

Ndugu wa Kondele, umesema ukiiendesha mwenyewe skripti yako ya kupima trafiki ya mtandao grafu inajaa, lakini ukiiachia cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) kila dakika 5 unabaki na mapengo matupu. Usianze kuilaumu RRDtool, programu inayohifadhi data na kuichora grafu. Cron haisomi mazingira ya akaunti yako. PATH yake, yaani orodha ya folda inamotafuta programu, ni fupi, mara nyingi /usr/bin na /bin tu. Kama snmpget yako (amri inayosoma takwimu za kifaa cha mtandao kwa itifaki ya SNMP) imekaa /usr/local/bin, haitaiona. Andika njia kamili, kisha mwishoni mwa mstari wa cron ongeza >> /tmp/kosa.log 2>&1 usome inalalamika nini. Mimi hapa Nakuru kosa hilohilo lilinimalizia wikendi nzima, tena nikiwa nimeshapanda mnara kukagua nyaya. Aibu tupu.

Angalia pia heartbeat ya RRDtool, yaani sekunde inazosubiri data mpya. Ikiwa 600, data ikichelewa kupita sekunde hizo RRDtool huweka NaN (thamani isiyojulikana), nayo haichorwi.

Halafu, laini ya Mbps 100 ikijaa, kaunta ya biti 32 inayohesabu baiti zinazopita hurudi sifuri kabla ya dakika 6 kuisha. Chukua ifHCInOctets, kaunta ya baiti zinazoingia ya biti 64, kwa SNMP toleo la v2c; v1 haiisomi.