Sam Ervin, "wakili wa kijijini" aliyembana Nixon

Mkuu umeuliza yule mzee wa nyusi kwenye video za Watergate (ile kashfa ya miaka ya 70 iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani) alikuwa nani, na kama kweli ni wakili wa kijijini tu kama alivyokuwa anajiita. Nimeishi Morganton, North Carolina, mji aliozaliwa 1896, na nimesoma chuo cha pale ambacho kimeijenga upya maktaba ya nyumbani kwake, nilikuwa napenda kujifichia humo kabla ya vipindi, kwa hiyo nina ya kusema.

Kwanza ile ya wakili wa kijijini usiimeze nzima, ilikuwa janja ya mahakamani. Huyo Ervin kasomea sheria Harvard, chuo kikubwa cha Marekani! Na kasoma kinyumenyume, kaanza na mwaka wa tatu, ukaja wa pili, akamalizia wa kwanza 1922, kisa anahofia akikaa mbali sana mchumba atachukuliwa (alimuoa, msijali). Akarudi kufanya kazi na baba yake hapohapo Morganton, huku anaingia bunge la jimbo. 1925 ukaletwa muswada wa kuzuia mashule kufundisha kwamba binadamu katokana na jamii ya nyani, yeye akasema faida yake ni moja tu, nyani watafurahi kusikia hawahusiki na vituko vya binadamu. Muswada ukakwama.

Baadaye ujaji, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo. Seneti wala hakuanza kwa kugombea, 1954 seneta mmoja wa jimbo lao alifariki gavana akamteua yeye, hajakaa sawa kashawekwa kwenye kamati ya kumchunguza McCarthy, seneta aliyekuwa anawatuhumu watu ovyo kuwa wakomunisti. Akatoka mwisho wa 1974.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaruka. Huyu mzee alisaini ile Southern Manifesto ya 1956, tamko la wabunge wa kusini la kupinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja, na sheria ya haki za kiraia ya 1964 aliipinga kwa nguvu zote, akitumia Katiba. Jioni nilikuwa nafanya kazi ya kulea wazee, wazee wa kizungu wanamuita Senator Sam utadhani mjomba wao, ila bibi mmoja mweusi nilipomwambia nasomea maktabani kwa Ervin aliniuliza tu, "Na hotuba zake za 1964 wameziweka?" Nikabaki sina jibu.

Halafu Katiba hiyohiyo ndo aliyombania Nixon. 1971 Ervin alishalihoji jeshi kwa kupeleleza raia, kwa hiyo kamati ya Seneti ya kuchunguza Watergate ilipoundwa 1973 wakampa uenyekiti, ana miaka 76. Nixon anasema nyaraka za Ikulu hazitoki, mzee anasema hakuna aliye juu ya sheria, Julai ikavuja kwamba Ikulu kuna mitambo inarekodi mazungumzo yote, basi ugomvi ukahamia kwenye kanda. Tafuta kikao cha Ehrlichman, msaidizi wa Nixon, uone. Wakili wake anamuuliza mwenyekiti umejuaje sheria inamaanisha hivyo, mzee anajibu anakielewa Kiingereza, ndo lugha ya mama yake. Ukumbi mzima kicheko.

Kwangu mimi alikuwa wakili kwanza, siasa baadaye, akishashika hoja haachii hata kama inaumiza watu. Seneti aliiacha mwenyewe, akarudi Morganton kwenye uwakili wake mpaka alipofariki 1985.