Subaru yangu ya 2001 inagonga: niifufue au niiuze?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001, ile ya taa za duara, gia za mkono. Nimekaa nayo hapa Tanga miaka kumi na moja, imetembea kilomita 187,000. Asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Sasa imeanza kugonga nikikanyaga mafuta, gia ya pili inakwaruza, na rangi imevimba juu ya matairi ya nyuma. Fundi wa hapa anataka milioni 6.5 kufanya ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuijenga upya. Mwingine ananiambia nitafute injini ya mtumba. Dalali ameniahidi milioni 6 kama ilivyo; nzima za aina hiyo naona zinatangazwa milioni 16 hadi 18. Mke wangu anataka niuze nichukue gari la karibuni. Gari la familia lipo, tuna Noah. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Injini umeieleza mpaka moshi wake wa asubuhi, kutu umeigusa kwa maneno machache tu, pale uliposema rangi imevimba. Mimi naanzia hapo kwenye kutu.

Injini ya Subaru inanunulika, giaboksi inanunulika. Bodi iliyoliwa na chumvi ya bahari haiuzwi dukani, na miaka kumi na moja ya upepo wa Tanga si haba. Kwa hiyo kabla hujampa mtu shilingi, fungua buti, nyanyua zulia, toa na mgongo wa kiti cha nyuma. Kushoto na kulia utaona pale shokapu ya nyuma inaposhikwa na bodi kwa nati. Chukua bisibisi bapa, gonga bati kwa mpini wake, kisha sukuma ncha kwenye mishono. Bati zima linalia. Lililooza linatoa sauti ya boksi la karatasi, na bisibisi inazama. Fanya hivyo hivyo ukiwa chini ya gari, ndani ya matao ya matairi na kwenye kingo chini ya milango.

Chukua pia sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji, ifunge kitambaa usikwaruze rangi, uitembeze juu ya tao zima. Ikidondoka, hapo kuna puti, ule udongo wa kuziba bodi kabla ya rangi. Niliwahi kuletewa Impreza kutoka Bagamoyo, inang'aa utadhani imetoka melini jana. Sumaku ilipofika tao la kushoto ikaanguka. Tukachokonoa: puti unene wa kidole, na ndani ya puti wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Mwenye gari alikuwa amelipia kazi ya bati.

Ikiwa kutu iko kwenye matao peke yake, hiyo ni kazi ya welda mzuri: akate mpaka afikie bati safi, achomelee jipya, apake dawa pande zote mbili. Ikiwa bisibisi imezama pale shokapu zinaposhika, acha kusoma hapa. Mpigie dalali.

Bodi ikipita, sasa tuje kwenye huko kugonga kwa injini.

Usikubali ovahoo kwa kusikia sauti tu. Injini hizi pistoni zake zimelala ubavu, na zikizeeka hugonga ukuta wa silinda asubuhi injini ikiwa baridi; joto likipanda, kelele inaisha. Hiyo unaweza kuishi nayo miaka. Hata moshi wako wa asubuhi usikutoe usingizi mapema, maana oili hujikusanya kwenye silinda zilizolala, hasa ukiegesha gari kwenye mteremko. Kugonga kunakonitisha mimi ni kule kunakobaki injini ikiwa ya moto, kunakosikika wazi ukipandisha mzunguko taratibu hadi kama 3,000 kwa dakika gari likiwa limesimama. Hizo ni beringi za konrodi, yaani za fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti.

Na kuna njia ya kujua bila kufungua injini. Mwaga oili kwenye beseni safi. Toa filta, ipasue kwa msumeno wa chuma, futa vumbi la msumeno, kisha kunjua ile karatasi ya ndani uitazame juani. Ukiona mng'aro wa vipande vyembamba kama unga wa shaba, beringi zinasagika na gari lisiwashwe tena, hata kwa kulihamisha, lisukumeni. Karatasi ikiwa nyeusi tu, mwambie fundi apime kampresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Tarakimu moja moja hazinishughulishi sana, natazama tofauti. Tatu zikikaribiana na ya nne ikiwa chini kabisa, tatizo liko kwenye pistoni, ringi au valvu za silinda hiyo.

Kama beringi zimekwisha, ovahoo ya milioni 6.5 ni bei ya nini hasa? Muulize. Akikujibu "ringi, beringi na gasketi", haijatosha. Vyuma vilivyosagika vimesafiri na oili mpaka kwenye tabo (ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) na kwenye kile kipoza oili kilicho chini ya filta, na vinakaa humo vikisubiri injini mpya. Nimeona injini iliyotoka ovahoo ikigonga tena ndani ya wiki mbili kwa sababu kipoza oili kilisafishwa kwa petroli na kurudishwa. Kile hakisafishiki, kinabadilishwa. Bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nalo likaguliwe, maana lina tabia ya kupata ufa kwenye injini hizi. Mkanda wa taimingi ubadilishwe pamoja na puli zake na pampu ya maji, kwa kuwa ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Na injini ikiwa nje, klachi iwekwe mpya, usije ukalipia kushusha tena.

Injini ya mtumba siipingi. Mara nyingi kwa kazi kama yako ndiyo ningeanza nayo, ila usiinunue kwa kusikilizishwa video ya simu. Jina EJ20, ndilo la injini yako, limebandikwa kwenye injini nyingi zisizofanana, zenye tabo na zisizo nayo, na nyaya zake hutofautiana. Nenda na fundi wako, mfungue kifuniko cha kujazia oili muone kama kuna matope meusi, mpime kampresheni hapo hapo kwa muuzaji. Muuzaji akikataa kupimwa, ondokeni. Chukua na karatasi zake, kwa sababu namba ya injini iko kwenye kadi ya gari na TRA watahitaji kubadilisha taarifa.

Gia ya pili iache kwanza. Giaboksi za gia tano za WRX hazina sifa ya ugumu, lakini inayokwaruza gia moja bado inatembea ukiwa mpole nayo.

Sasa hesabu. Mimi kwenye kazi ya namna hii huongeza theluthi juu ya bei ya fundi, na sijawahi kurudisha chenji. Kwa hiyo 6.5 yako ni kama 8.7. Juu yake weka zile milioni 6 za dalali, maana ukibaki na gari ndizo unazozikataa. Unakaribia 14.7, na bati hatujaligusa. Zile 16 hadi 18 ni bei za matangazo, watu hawalipi hivyo. Kibiashara hakuna faida hapa. Pesa ulizokwisha kuitia miaka yote usiziingize kwenye hesabu, hizo zimeshaliwa.

Lakini kuibadilisha nako si kama mke wako anavyodhani, na mwambie simpingi. Ukinunua WRX nyingine ya umri huo hapa nchini, umehama kutoka ugonjwa unaoujua kwenda usioujua. Kuagiza Japani kuna ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya zamani, na sasa unashindana na Wamarekani: sheria yao inaruhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 25, na Impreza za umbo lako zilianza kuuzwa Japani Agosti 2000. Tangu 2025 wako nao mnadani. Gari la karibuni lenye roho hiyo ni Subaru BRZ au ndugu yake Toyota 86, zilizotoka 2012: injini ya lita 2 iliyolala vile vile, bila tabo, na mnyororo badala ya mkanda. Tamu kuendesha. Viti vya nyuma ni vya mkoba, ila Noah unayo.

Ni hiyo Noah inayonifanya nisikwambie uuze leo. Gari la kufufua hukaa juu ya mawe miezi, na mtu ambaye ndilo linalompeleka kazini huishia kumharakisha fundi, kazi ikaharibika. Wewe hutamharakisha. Bodi ikipita mtihani wa bisibisi, ningefufua kwa injini ya mtumba iliyopimwa, bati kwanza, injini baadaye, rangi mwisho. Ikiisha, asije kijana akakushawishi kuongeza presha ya tabo. Gari hili lilipangiliwa kwa petroli ya juu ya Japani, okteni 98 hadi 100, na ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Pistoni ndizo zinazolipa tofauti.

Anza Jumamosi hii. Utahitaji bisibisi, sumaku, filta mpya, na oili lita nne na kidogo.