Sakafu ya duka Luzira: epoksi au zege la kung'arishwa?

Ndugu, kwa duka hilo la Luzira, Kampala, weka zege la kung'arishwa. Slabu yako, yaani bamba la zege la sakafu, imekaa moja kwa moja juu ya udongo, na hapo karibu na ziwa unyevu hupanda kutoka chini. Epoksi hupakwa juu ya zege, ni kama ngozi ya plastiki: mvuke ukikosa pa kutokea unaisukuma, inafanya malengelenge kisha inabanduka. Kazi yangu ni sakafu, na nimeshaibandua kwa ncha ya mwiko tu, inatoka vipande vizima kama ganda la yai, chini zege limelowa. Zege lililosagwa kwa diski za almasi na kutiwa dawa ya kuligumisha linapitisha mvuke.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe, iache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake, epoksi achana nayo kwanza.

Ila ingekuwa gereji ningesema tofauti, maana asidi ya betri inakula zege. Hapo epoksi ndiyo kinga, mradi slabu ni kavu na imetimiza siku 28 tangu imwagwe.