Jibu: Mwenzangu wa chumba amenyamaza, nimuulize?

Ndugu yangu, umeuliza kama kumtajia mwenzako wa chumba hapo chuoni Maseno habari za kujiua kutampa wazo ambalo hakuwa nalo. Hapana. Kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpunguzia mzigo aliokuwa amebeba peke yake. Muulize leo, mkiwa wawili, simu zikae mbali.

Mimi yalinipata mwaka wa pili. Karo ilikwama, jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani, na kila nyumbani wakipiga nasema niko sawa. Jirani wa hosteli alikuja na sufuria ya uji, akaketi sakafuni, akaniuliza, "Umewahi kufikiria kujiua?" Nililia mpaka uji ukapoa. Hakunihubiria hata neno moja. Asubuhi alinisindikiza kwa mshauri wa wanafunzi, akaningoja nje kwenye benchi.

Mwenzako akikubali kwamba anawaza kujiua, usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo. Usimwache peke yake usiku huo. Pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ukiona hatari iko karibu, nendeni hospitali moja kwa moja. Hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu si mbali.

Na ile hofu yako kwamba polisi watamkamata: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isikuzuie kumpeleka hospitali. Kesho tuandikie hapa, utuambie anaendeleaje.